Nani mwenye maungio?

Kazi yangu kwenye miradi mikubwa ni ndogo: mimi ndiye ninayeandika muhtasari. Wahandisi wanabishana, wanasheria wanakohoa, wakurugenzi wanachungulia simu chini ya meza, na mimi niko pembeni na kompyuta yangu, naandika nani kasema nini, nani kakubali kuleta nini, na lini. Wananiita Katibu, hata wale ambao miaka mitatu ya vikao haijatosha kuwafundisha jina langu. Uhandisi sikusomea. Lakini ukikaa pembeni ya meza kwa muda mrefu unaona ambayo aliyekaa katikati hayaoni, na mimi pale pembeni nimejifunza kuogopa sentensi moja. Ni hii: "Pande zote zitashirikiana kulishughulikia."

Ikitamkwa tu, vidole vyangu vinakuwa vizito. Jedwali langu lina safu tatu: jambo, mhusika, tarehe. Sasa kwenye safu ya mhusika, "pande zote" utampigia simu namba gani? Haendi likizo, haumwi, hana bosi wa kumshitakia. Nimemwandika mara nyingi tu, nakiri, kwa sababu muda ulikuwa umekwisha na watu wameshafunga mikoba. Sikumbuki hata mara moja jambo alilokabidhiwa likirudi kikao kinachofuata likiwa limefanyika.

Siku ya kuzindua mradi wa mashirika mengi, hotuba haikosi ile ya kidole kimoja kutovunja chawa. Sawa, na ni kweli: kuna vitu havijengeki na mmoja, awe tajiri vipi. Ila sijamsikia mgeni rasmi akieleza, vile vidole viwili vikishakutana, chawa aliye katikati kabisa anahesabiwa kuwa wa kidole kipi.

Mtu mpya akiletwa kwenye mradi, kabla sijampa rundo la mikataba, namsimulia habari ya daraja la Laufenburg. Laufenburg umekatwa na mto Rhine: ng'ambo hii Ujerumani, ng'ambo ile Uswisi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi hizo mbili zilikuwa zinajenga daraja jipya hapo, kila moja kutoka upande wake, wakutane juu ya maji. Ili mkutane lazima mkubaliane kuhusu kimo, na kimo hupimwa kutoka usawa wa bahari. Bahari ipi? Wajerumani hufuata Bahari ya Kaskazini, kwa alama iliyoko Amsterdam. Waswisi hufuata Mediterania, kwa alama ya Marseille. Kwa vitabu vya wapimaji, sifuri ya huyu na sifuri ya yule zinapishana sentimita 27.

Hapo mgeni hutabasamu, anadhani mwisho ameshaujua: hawakujua, wakaja kushtukia juu ya mto. Hapana, ndugu yangu. Walijua. Walilijua jambo hilo tangu mwanzo na wakaliweka kwenye hesabu. Ila marekebisho yalipoingizwa, alama ya hesabu iligeuka: palipotakiwa kutoa pakajumlishwa, na zile 27 badala ya kufutika zikazaana zikawa 54. Sentimita 54 ni goti la mtu mzima. Yaligundulika mwaka 2003 daraja likiwa bado linajengwa, ikabidi upande wa Ujerumani ushushwe.

Naipenda habari hii kwa sababu haina mjinga. Kwenye vikao tunaongea kana kwamba mashirika hukwama kwa kutofahamiana tu, kwa hiyo dawa ni warsha, na warsha ikishindwa, warsha nyingine. Hawa walifahamishana. Tofauti ilikuwa mezani, kila mtu anaiona. Nikiisoma kwa macho ya mwandishi wa muhtasari najiuliza swali moja tu: kwenye safu ya mhusika, mbele ya zile sentimita 27, paliandikwa nini? Nguzo zilikuwa na wenyewe, na lami pia. Zile 27 zilikuwa za nani? Hapo ndipo ninapopaita maungio: mahali kazi ya mmoja inapogusa ya mwingine.

Kuna nyingine ambayo watu huisimulia nusu. Mars Climate Orbiter, chombo cha NASA kilichopotea tarehe 23 Septemba 1999 kilipofika sayari ya Mars. Nusu inayosimuliwa ni kwamba mmoja alipima nguvu kwa pauni na mwingine kwa newtoni, basi wote wanacheka. Ni kweli: programu ya mkandarasi, Lockheed Martin, ilitoa hesabu za msukumo kwa vizio vya kiingereza, na waongozaji wa chombo wakazipokea kama za metriki. Kizio kimoja ni kama mara 4.45 ya kingine. Nusu isiyosimuliwa ndiyo inayonikosesha usingizi mimi. Waraka wa makubaliano baina yao ulikuwepo, na ulisema metriki. Tena safari ilichukua zaidi ya miezi tisa, na njiani waongozaji waliona mambo hayakai sawa, wakaulizana, wakaandikiana barua pepe, lakini wasiwasi wao haukupita kwenye utaratibu rasmi wa kuripoti hitilafu. Yaani palikuwa na waraka, palikuwa na watu waliohisi, na katikati ya waraka na wale watu hapakuwa na mtu.

Sasa na langu, maana si haki kuwasema wa Mars peke yao.

Tulikuwa mashirika manne. Kila moja lilikuwa na daftari lake la watu, kubwa, la miaka mingi, na mradi ulikuwa kuyaunganisha ili mtu aliyeandikishwa huku atambulike kule bila kuanza upya. Karibu mwaka mzima tulibishania seva zikae wapi, nani ashike funguo, mwanasheria wa nani aandike rasimu ya kwanza. Nembo za mashirika kwenye ukurasa wa mbele, yaani ipi ianze kushoto, zilikula vikao viwili vizima. (Msitucheke. Waingereza na Wafaransa walipojenga Concorde waliivutana herufi "e" ya mwisho kwa miaka, hadi mwaka 1967 waziri wa Uingereza akatangaza kwamba inarudi. Ndege yenyewe ilikuwa bado haijaruka.)

Safu ya tarehe ya kuzaliwa ilipita kwa dakika tano. Nani abishanie tarehe ya kuzaliwa? Ni siku, mwezi, mwaka. Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Tarehe ya kuzaliwa: wote wanayo. Imekubaliwa."

Walikuwa nayo kweli. Ila shirika moja, tangu enzi za karatasi, karani akimpata mtu anayekumbuka mwaka tu aliozaliwa, humwandikia tarehe 1 Januari ya mwaka huo. Ndani ya jengo lao hilo halikuwa siri wala kosa. 1 Januari maana yake "hatujui", na halikuandikwa popote kama ambavyo hakuna anayeandika choo kiko upande gani wa korido. Shirika la pili nalo lilikuwa na programu ya kusafisha daftari: ikikuta watu wawili wenye majina yanayofanana kabisa na tarehe ileile ya kuzaliwa, inawahesabu kuwa mtu mmoja aliyeandikishwa mara mbili, inawaunganisha. Kwa daftari lao, ambalo tarehe zake zilikuwa za kweli, iliwafaa sana. Kila mmoja alikuwa sahihi nyumbani kwake.

Tulipowasha majaribio, watu wakaanza kumezana.

Aliyegundua ni kijana wa takwimu, wiki ya tatu kazini. Hakwenda kwa mkurugenzi wake. Alikuja kwangu wakati wa mapumziko, ameikumbatia kompyuta kifuani kama mtu anayeficha kitu.

"Samahani dada Katibu. Kuna mtu hapa simwelewi."

"Mtu gani?"

"Huyu. Ana namba tatu za simu, anaishi sehemu tatu. Hapa ni mwanamume. Hapa ni mwanamke." Akasogeza kioo. "Na amezaliwa tarehe 1 Januari."

Nikamwambia pengine ni kosa la uchapaji. Akanyamaza kidogo, kwa heshima, kisha akashusha orodha kwa kidole. Wote waliounganishwa kwenye ule ukurasa walikuwa wa 1 Januari. Akashuka ukurasa wa pili. Wa tatu. Nikamwambia basi, nimeona.

Kikao cha dharura kilichofuata ningeweza kukichora. Shirika la kwanza: data zetu ziko hivi miaka yote na hatujawahi kulalamikiwa. La pili: programu yetu haina hitilafu, inafanya ilichoagizwa. La tatu na la nne: sisi tunapokea tu, hatuhusiki. Hakuna hata mmoja aliyesema uongo, na ndiyo maana kikao kilikuwa kirefu vile. Ukweli nne zimekaa mezani na mtu aliyeunganishwa na wenzake wawili bado kaunganishwa. Saa zikaenda. Mikoba ikaanza kufungwa. Mzee mmoja mwenye busara zake, ninayemheshimu hadi leo, akasema kwa upole ile sentensi. Na mimi nikaiandika.

Miezi miwili ikapita, hakuna aliyegusa kitu.

Kilichokuja kufanya kazi kilikuwa kidogo hadi kinatia aibu. Shirika la kwanza lilimtoa karani mmoja wa zamani, mama anayejua kila ukurasa wa lile daftari. La pili likamtoa mwandishi mmoja wa programu. Wakawekwa meza moja, wakaandikiwa barua kwamba wanachoamua kuhusu tarehe za kuzaliwa ndicho kitakachofuatwa na pande zote mbili. Yule mama akaeleza 1 Januari ni nini. Yule mwandishi wa programu akasema, mama, kumbe. Wakaongeza safu moja ndogo, "uhakika wa tarehe", yenye majibu matatu: siku inajulikana, mwaka tu unajulikana, haijulikani. Programu ikafundishwa kutomuunganisha yeyote ambaye tarehe yake si ya uhakika mpaka mtu amwangalie. Waraka wao ulikuwa kurasa mbili, na nusu ya ukurasa wa pili ilikuwa mifano: mtu huyu, kwenu anaonekana hivi, kwetu anaonekana hivi, baada ya kuungana aonekane hivi.

Ile mifano ndiyo niliyoiba. Siku hizi makubaliano yoyote ya mahali ambapo kazi ya shirika moja inagusa ya lingine, naomba yaje na mfano mmoja wenye namba halisi, unaoonyesha kitu kilekile kikisomwa kutoka pande zote mbili. Maneno hukubalika upesi mno. "Tutarekebisha tofauti ya sentimita 27" ni maneno, na kila mtu atayatia saini. Lakini ukilazimishwa kuandika "sehemu hii ya daraja, kwa kipimo chetu iko mita kadhaa, kwa chenu mita kadhaa", alama iliyogeuka itakutumbulia macho.

Watu wa nje huniuliza, na si swali la kipuuzi: kwa nini msichange fedha tu, mkampa kazi mkandarasi mmoja, yakaisha mambo ya maungio? Manahodha wengi chombo huenda mrama, si ndivyo?

Huwa nawajibu kwa ITER. Huo ni mtambo unaojengwa kusini mwa Ufaransa ili kupata nishati kwa kuunganisha viini vya atomi, kazi inayofanywa na jua. Mkataba ulitiwa saini Paris mwaka 2006 na wanachama saba: Umoja wa Ulaya, China, India, Japani, Korea Kusini, Marekani na Urusi. Ulaya imebeba kama asilimia 45 ya ujenzi, waliobaki kama asilimia 9 kila mmoja. Sehemu kubwa ya mchango huo si fedha taslimu. Ni vipande. Kila mwanachama anatengeneza vipande vyake kwao, katika viwanda vyake, halafu anavisafirisha. Chungu kikubwa cha katikati, kile kitakachoshika gesi yenye joto kupita la katikati ya jua, kimegawanywa vipande tisa kama chungwa: vinne Korea Kusini, vitano Ulaya.

Ukipiga hesabu ya kuokoa fedha, ni wazimu. Lakini jiweke kwenye nafasi ya waziri anayekwenda kuomba fedha bungeni kwao. Akisema nataka fedha tukawape watu wa mbali wajenge kitu, atarudi mikono mitupu. Akisema viwanda vyetu vitajifunza kutengeneza kitu ambacho hakijawahi kutengenezwa, na wahandisi wetu watabaki na ujuzi, anasikilizwa. Fedha peke yake isingewaleta wote saba mezani. Kwa hiyo maungio yale ni nauli; asiyetaka kuilipa hasafiri. Tatizo langu ni na wale wanaolipa nauli halafu wanajifanya safari ilikuwa ya bure, hawatengi watu wala muda wa maungio kwenye mpango wa kazi, kisha wanashangaa. ITER nayo ilionja: mwaka 2022 iligundulika kwamba kingo za vipande vya lile chungu, pale hasa vinapotakiwa kulehemiwa kimoja kwa kingine, hazikuwa kwenye vipimo vilivyokubaliwa, ikabidi virekebishwe. Hiyo ni mojawapo tu ya sababu za ratiba kusogea, na mpango mpya uliotolewa mwaka 2024 unataja 2034 kuwa mwaka wa kuanza utafiti. Kingo, jamani. Tumbo la kipande lilikuwa na mwenyewe siku zote.

CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, vilevile. Ile mashine yao ya kilomita 27 chini ya ardhi iliwashwa tarehe 10 Septemba 2008, dunia nzima inatazama, na siku tisa baadaye ikaharibika, tani kadhaa za heliamu zikavuja, ikachukua zaidi ya mwaka kuirudisha. Hitilafu ilianzia kwenye kiungo cha umeme kati ya sumaku mbili. Najua, hilo ni suala la mafundi na si la vikao, na mwenye kutaka kunikosoa anikosoe. Mimi ni mtu wa maungio, nikiliona neno hilo popote nasimama.

Ila nisiwaache na habari za kuvunjika tu. Tarehe 20 Novemba 1998 Urusi ilirusha Zarya, kipande cha kwanza cha kituo cha kimataifa cha anga za juu. Wiki mbili baadaye chombo cha Marekani, Endeavour, kikapanda kimebeba Unity, kipande cha pili. Viwili hivyo vilikuwa havijawahi kugusana duniani. Vilitengenezwa na watu wa lugha mbili, waliozoea viwango viwili, ambao miaka michache nyuma walikuwa wakielekezeana makombora, na mara ya kwanza ya kugusana ikawa huko juu, na vikashikana.

Katikati yao palikuwa na kitu ambacho picha nyingi hazikitaji: kipande kifupi kama koni iliyopinda, kiitwacho PMA-1. Uso wake mmoja ni wa kimarekani, unaingia kwenye Unity. Uso wa pili una pete ya ukoo wa kirusi, inayotokana na ile iliyobuniwa kwa ajili ya vyombo vya anga Apollo cha Marekani na Soyuz cha Kisovieti vilipoungana mwaka 1975. Hiyo pete ya asili iliundwa ili chombo chochote kati ya viwili kiweze kuwa mshikaji au mshikwaji; hakuna aliyezaliwa kuwa wa kupokea tu. Nikipewa nafasi ya kutundika picha moja ofisini, nitatundika ya PMA-1. Watu wale hawakuandika kwamba pande zote zitashirikiana kuunganisha. Walichukua maungio yenyewe wakayafanya kitu: kina jina, kina michoro, kina uzito, na kuna watu ambao ukiwauliza mnafanya kazi gani, watakujibu wanafanya hicho.

Mradi nilio nao sasa una mashirika sita. Tumeorodhesha mahali pote ambapo kazi ya mmoja inagusa ya mwingine, na kila mstari unatakiwa uwe na jina la mtu, si la shirika, na mfano mmoja wenye namba. Wanalalamika. Mwanasheria mmoja ameniambia jina la mtu kwenye waraka ni hatari kisheria, nikamjibu ndiyo, ndiyo maana nalitaka. Mwishowe tumekubaliana majina yakae kwenye kiambatisho.

Juzi tulifika mstari wa 14: saa ya seva nani anaifuata, na ya nani itahesabiwa sahihi zikipishana. Kimya. Mtu akatazama dirishani. Mwenyekiti akavuta pumzi, akasema, "Nadhani hapa pande zote..."

Nikanyoosha mkono. Katibu huwa hanyooshi mkono, kwa hiyo wakageuka wote.

Hatukupata jina siku hiyo. Nimeuacha mstari wa 14 mweupe, nikautia rangi nyekundu ili uonekane hata kwa aliye nyuma kabisa, na nimeuhamishia juu kabisa ya ajenda ya Alhamisi, kabla ya chai.